Ijumaa Kuu kwa Fundi wa Bukavu

Albamu ya mwisho ya bendi ya roki ya Sum 41 ilitoka tarehe 29 Machi 2024, siku ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, na mimi niliisikiliza kwa mara ya kwanza katika kibanda cha fundi wa kushona huko Kawangware, Nairobi, nikiwa nimekalia gunia la vipande vya kitenge. Jina lake ni Heaven :x: Hell, yaani mbingu na jehanamu, nayo ina nyimbo 20: 10 za panki nyepesi iliyowapa umaarufu, na 10 nzito zinazokaribia metali. Mama yangu, aliyekuwa ametoka kwenye Njia ya Msalaba mchana huo, alipoliona jina hilo kwenye simu yangu aliniuliza kama siku nyingine zote za mwaka zilikuwa zimekwisha.

Nilikuwa nimekwenda kuchukua suruali niliyoacha ipunguzwe kiuno, lakini sikuibeba albamu hiyo mfukoni kwa bahati tu. Miaka mitano kabla ya hapo niliingia kibandani humo nimevaa fulana ya bendi hiyo, niliyoichambua kutoka katika rundo la mitumba sokoni Toi, na fundi akataka kujua kama Sum 41 ni timu ya mpira. Nilimweleza kwamba ni vijana wa Ajax, mji ulio karibu na Toronto nchini Kanada, walioanzisha bendi mwaka 1996 siku ya 41 ya likizo yao ya kiangazi, na ndiyo asili ya namba ile. Aliitikia kwa adabu tu. Ndipo nikaongeza, bila kufikiri sana, kwamba watu hao waliwahi kunaswa na vita Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

Alikuwa mzaliwa wa Bukavu; hilo sikulijua. Mwishoni mwa Mei 2004 bendi ilikuwa imekwenda huko pamoja na shirika la War Child Canada kupiga filamu kuhusu watoto walioathiriwa na vita, mapigano yakazuka wakiwa hotelini, na Mkanada aliyekuwa akijitolea katika Umoja wa Mataifa, Chuck Pelletier, ndiye aliyehangaika hadi magari ya deraya yakaja kuwatoa wao na wenzao. Tarehe 2 Juni mji ukatekwa na waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Albamu ambayo bendi ilitoa Oktoba mwaka huo iliitwa Chuck, kwa shukrani. Fundi, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Sisi tulilalaka chini ya kitanda. Kwetu gari haikukuyaka." Hakuyasema kwa uchungu, bali kama mtu anayekamilisha hesabu iliyoachwa nusu, na tangu siku hiyo akawa msikilizaji wao mkali kuliko mimi.

Jioni ile ya Ijumaa Kuu mvua ilikuwa ikinyesha, matatu za 46 zilikuwa zimejaa, naye alikuwa na magauni ya kwaya ya kumaliza kabla ya Jumapili. Tulianza na nyimbo 10 za kwanza kupitia spika ndogo iliyokuwa juu ya rafu ya nyuzi. Nilimwambia kwamba mwimbaji wao, Deryck Whibley, alikuwa ameombwa kuwatungia wasanii wengine nyimbo za namna hii, kisha zilipomvutia akakataa kuziachia. Fundi alicheka sana. Alisema kushona nguo ya mteja halafu ukaivaa mwenyewe ni dhambi ambayo kila fundi ameitenda angalau mara moja. Wimbo wa pili, Landmines, ulipopita, alitaka kujua neno hilo lina maana gani, nami nikamwambia ni mabomu yanayofukiwa ardhini, ila hapa ni fumbo tu, si ya vita. "Fumbo," alirudia, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na kwa nyimbo mbili nzima hakusema lolote.

Stima ilipotea kabla hatujaingia nusu ya pili, spika ikazimika nayo kwa kuwa ilitegemea waya. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo kazi haikusimama. Aliwasha taa ya mafuta, akachukua sufuria aliyopikia chai, akaipangusa kwa kipande cha kitenge na kuniambia niitumbukize simu humo. Jehanamu yote, basi, niliisikia kupitia sufuria. Magitaa ya Dave Baksh, aliyeondoka mwaka 2006 na kurudi mwaka 2015, yalikwaruza kana kwamba yamerekodiwa kwa ajili ya chombo hicho, ingawa wimbo wa zamani wa Rolling Stones walioupiga upya haukuhitajika, iwe ndani ya sufuria au nje yake.

Tulibishana kuhusu kuaga kwenyewe. Tangazo la kuvunja bendi walikuwa wamelitoa Mei 2023, wakiwa bado wanajaza kumbi, bila ugomvi uliojulikana, na Whibley akiwa mzima ingawa mwaka 2014 pombe ilikaribia kumwua kwa kumharibu ini na figo. Fundi hakuelewa ni mtu gani anayefunga kibanda huku wateja wamepanga foleni. Kwao Kongo, alisema, bendi haiagi, inapasuka, kama Wenge Musica ilivyopasuka mwaka 1997, mwimbaji JB Mpiana akabaki na kundi la BCBG na mwenzake Werrason akaondoka na kundi la Maison Mère, kila mmoja akidai kwamba jina ni lake. Mimi niliona kwamba kumaliza kwa hiari, tena kwa kutoa nyimbo 20 badala ya mkusanyiko wa zile za zamani, ni heshima kwa msikilizaji. Yeye aliona ni anasa. Kuondoka siku unayotaka, alisema, si kila mtu anapewa.

Sikumjibu. Wimbo wa mwisho, ambao jina lake linataja jinsi mwisho unavyoanza, ulipigwa chini ya mvumo wa cherehani, na betri ya simu ilikuwa imebaki asilimia nne. Ulipokwisha, fundi alikata uzi kwa meno, akanikunjia suruali yangu, akapokea shilingi 200, akaanza kutafuta gauni lililofuata.

"Na ule Chuck," aliuliza akiwa ameinama, "yeye iko wapi sasa?"