Kuchagua picha ndiko kulikoniumiza

Risasi zikilia, mimi huwa siogopi sana. Si ushujaa. Jicho likiwa kwenye kamera, akili inahesabu mwanga, umbali na ukuta wa kujibanza. Hofu hunifuata nyumbani.

Nilikuwa mpiga picha za harusi hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Novemba 20, 2012, waasi wa M23 walipoingia mjini kwa mara ya kwanza, nilitoka na kamera ileile ya maharusi, na jioni picha zangu zikanunuliwa. Sitadanganya: fedha ndizo zilizonirudisha barabarani kesho yake. Habari za kuwa shahidi wa dunia nilizijua baadaye, nilipoanza kuhojiwa.

Mwaka 2022 vita vikarudi. Watu wa Rutshuru wakafurika Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, wakajenga vibanda vya turubai juu ya mawe ya volkano. Mchana nikipiga, usiku nikichagua. Na ili uchague lazima uikuze picha mpaka uone kama jicho limetoka vizuri. Basi unakaa na jicho la mtoto mgonjwa limejaa kioo kizima, unapima: hili, au lile? Mchana nilikuwa naye dakika mbili, usiku saa nzima. Usingizi ukakatika. Mke wangu akawa ananiita mara tatu ndipo nasikia.

Siku moja mama mmoja kambini akanishika mkono. “Papa, ile foto ya mtoto wangu ungali nayo? Alikufa. Mimi sina hata moja.”

Nilikuwa nayo, miongoni mwa nilizozitupa kwa sababu zimetikisika. Nikaisafisha, nikampelekea kwa pikipiki. Hakusema kitu kuhusu kutikisika. Alisema tu, sweta hilo lilikuwa la dada yake.

Tangu hapo nachagua kabla jua halijazama, na kila nilikopiga narudi kuwapa wenyewe picha zao za karatasi. Harusi sijaziacha. Juzi bibi harusi alinigombeza kwamba nimemtia kidevu cha pili; nilicheka mpaka akakasirika zaidi. Usingizi umerudi nusu.

Januari 2025 mji ukachukuliwa tena, kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika. Kabatini nina bahasha ya picha kumi na tisa. Kila nikipita stendi ya mabasi ya kwenda Rutshuru, huwa nimeibeba.