Nilivyofika Mbele ya Altare ya Isenheim

Kwa miaka mingi nilihifadhi ndani ya kitabu changu cha sala picha ndogo ya Kristo msalabani, niliyoikata kutoka kwenye kalenda ya zamani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ngozi, na kila nilipoitazama nilisumbuliwa na ule mwili uliojaa vidonda, wenye rangi inayoelekea kijani, nikadhani ni makosa ya mpiga chapa.

Nilipokwenda Strasbourg, Ufaransa, kumtembelea mdogo wangu, nilimwomba jambo moja tu, anipeleke mji wa Colmar, mwendo wa kama nusu saa kwa treni, nikaione picha yenyewe, ambayo ni sehemu ya Altare ya Isenheim, yaani mbao zilizochorwa za kupamba altare ya kanisa. Tulifika Jumanne tukakuta mlango umefungwa, maana Makumbusho ya Unterlinden hufungwa kila Jumanne, nami ndiye niliyeichagua siku hiyo bila kuuliza. Mdogo wangu hakusema neno; tulikunywa kahawa tukarudi. Alhamisi nilikwenda peke yangu, nikiwa nimezitumia siku hizo mbili kusoma.

Nilikuwa nimejifunza kwamba mchoraji Mjerumani Matthias Grünewald aliichora kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni wa Isenheim, ambao kazi yao ilikuwa kuuguza. Waliwapokea hasa wagonjwa wa kile kilichoitwa moto wa Mtakatifu Antoni, ugonjwa unaotokana na kula mkate wa nafaka ya rai iliyoingiwa na kuvu, ambao huunguza viungo kwa maumivu na kuviozesha hadi vikatwe. Inaelezwa kwamba wagonjwa hao waliletwa mbele ya altare kabla ya kuanza matibabu. Kwa hiyo picha ile haikuchorwa kwa ajili ya makumbusho; ilikuwa ya hospitali.

Leo mbao zake zimetenganishwa katika kanisa dogo la iliyokuwa nyumba ya watawa wa kike wa Kidominiko, nawe huzizunguka pande zote. Nilianzia kwenye Msalaba. Kristo ni mkubwa kuliko wote walio chini yake, vidole vyake vimekakamaa, na nilipokaribia niliona jambo ambalo kalenda haikuweza kulionyesha: miiba iliyokatikia ndani ya ngozi, kila mmoja umezungukwa na uvimbe wake. Mtu aliyewahi kusafisha vidonda hawezi kuamini kwamba mchoraji aliyabuni hayo bila kuwatazama wagonjwa kwa karibu. Pembeni, Yohane Mbatizaji ananyoosha kidole kirefu, na karibu na mkono wake yameandikwa kwa Kilatini maneno ya Injili: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua."

Ufufuko, lazima niseme, haukunishika kama nilivyotarajia, ingawa mwanga wake ni wa ajabu. Nilivutwa zaidi na ubao wa majaribu ya Mtakatifu Antoni, ambako chini kushoto, katikati ya mashetani, ameketi mtu aliyevimba tumbo na kujaa majipu. Niliketi mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya Msalaba.

Niliporudi kazini niliibandika ile picha ya kalenda katika chumba cha kufungia vidonda. Wiki hiyohiyo mzee mmoja, mguu wake ukiwa mikononi mwangu, aliitazama kwa makini akaniuliza, "Mwanangu, huyu naye alilazwa hapa?"