Nilivyojua pa kutazama usiku wa vimondo

Kila taarifa niliyosoma kuhusu vimondo vya Desemba ilisema vinatoka kwenye kundinyota la Mapacha, na kwamba kilele chake ni usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Nilichotaka kujua mimi ni kitu kimoja: nikishatoka nje, nielekee wapi?

Nilianzia kwa kundinyota la Jabari, ambalo wengi hulijua kama Orioni, maana nyota tatu za mkanda wake hazimpotezi mtu. Upande mmoja wa mkanda iko Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Upande wa pili Betelgeuse, nyekundu. Nikavuta mstari kwa macho kutoka Rigel, ukapita Betelgeuse ukaendelea mbele. Ukinyoosha mkono, ngumi yako hufunika kama nyuzi 10 za anga. Kuanzia Betelgeuse nikapima ngumi tatu na kitu, nikazikuta nyota mbili jirani za Mapacha, Castor na Pollux. Vimondo huonekana kuchomoza karibu na Castor.

Baada ya kuipata, sikuikazia macho. Vimondo hivi huja vikiwa sambamba, na huonekana kutoka mahali pamoja kama vile kingo za barabara iliyonyooka zinavyoonekana kukutana kwa mbali. Kinachowaka karibu na Castor kinakuja kukuelekea, kwa hiyo mstari wake ni mfupi sana. Kinachopita mbali zaidi unakiona kwa ubavu, na huacha mstari mrefu, mzuri ajabu! Basi nikahamisha macho ngumi nne hivi kutoka Castor, upande uliokuwa na giza zaidi, juu ya usawa wa miti na mapaa.

Kila kilipopita kimoja niliurudisha mstari wake nyuma kwa macho. Ukifika karibu na Castor, hicho ni cha Mapacha. Usipofika, ni kimondo cha kupita tu. Hapo ndipo nilipopapenda kuliko pote, kwa sababu anga yenyewe ilinithibitishia kwamba chanzo nimekipata.

Saa nzuri ni kuanzia usiku wa manane, hasa mnamo saa nane, Castor inapofika juu kabisa. Simu niliizima mapema, kwani macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Na mwezi ukiwepo, upe mgongo, hata kama itabidi uongeze ngumi moja au mbili kutoka Castor.