"Juu ya goti" ni wapi hasa?

Andika kwenye faili la mgonjwa "kidonda kipo juu ya goti", kisha subiri zamu inayofuata. Mmoja atakitafuta kwenye pia ya goti, mwingine pajani, na wote wamesoma sawasawa. "Nje ya paja" nayo ina utata wake: ni kwenye ngozi, au upande ulio mbali na paja la pili? Na mkono, kwetu, unaanzia begani na kuishia kwenye kucha.

Anatomia, elimu ya muundo wa mwili, hukata ubishi huo kwa mkao mmoja: mtu amesimama wima, uso na vidole vya miguu mbele, mikono ubavuni, viganja vikitazama mbele. Kulia ni kulia kwake, si kwako.

Viganja ndivyo husahaulika. Ukisimama viganja vikitazama nyuma, kidole gumba huelekea pajani, basi mwanafunzi anaandika kuwa ni mediali, yaani karibu na mstari wa kati. Geuza kiganja mbele: gumba sasa liko nje, ni laterali. Kiganja kikitazama nyuma, mfupa wa radiasi (wa kigasha, upande wa gumba) huwa umepita juu ya mwenzake, alna, kwa hiyo bila mkao wa kuanzia huwezi kusema upi uko upande gani.

Kwenye mikono na miguu tumia proksimali (karibu na kiwiliwili) na distali (mbali nacho). Kile kidonda kiandikwe hivi: "sentimita 5 proksimali ya pia ya goti, mbele ya paja la kulia." Hapo hakuna wa kuuliza.

Mgonjwa akilala, chali au kifudifudi, majina hayabadiliki. Sindano ya tako huchomwa robo ya juu ya nje: juu ni kuelekea kiunoni, si darini, nje ni kuelekea nyonga. Ukishuka chini au kuingia katikati unaweza kuuchoma mshipa wa fahamu wa siatiki, na mtu akabaki anaburuta wayo.

Mikato ya kufikirika ya mwili ni mitatu: sagitali hutenga kulia na kushoto, koronali mbele na nyuma, wa mlalo juu na chini. Picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) za mkato wa mlalo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, ndiyo maana ini, lililo kulia kwake, huonekana kushoto mwa skrini.