Nilivyowatoa wanafunzi wangu Hiroshima

Watakwambia ukitaka wanafunzi wachague tukio lililobadili dunia, wape orodha. Niliambiwa hivyo kwenye semina, na mwezeshaji akaigawa kabisa: Mapinduzi ya Ufaransa 1789, Mkutano wa Berlin, Vita Kuu, Hiroshima. Nikaitumia. Karibu Kidato cha Tatu kizima wakaniletea Hiroshima, 6 Agosti 1945, aya zimefanana hadi mikato. Ukiwauliza ilibadili nini: "Walikufa watu wengi, mwalimu." Kwani ni wapi hawajafa watu wengi?

Nikaichana. Sharti langu likawa moja: nionyeshe alama ya tukio lako nyumbani kwenu au mtaani, kitu cha kushika au kutazama, na wenzako wakikubana ujibu bila daftari. Tena kwa Kiswahili. Wakaguzi wanisamehe, mtoto hawezi kubishana huku anatafuta maneno.

Mmoja akaja na sembe kwenye kimfuko: Columbus, 1492, maana mahindi asili yake ni Amerika, huku kwetu ugali ulikuwa wa mtama na uwele. Darasa likagoma kuamini. Nikawaacha wagombane hadi kengele.

Lakini aliyenipa raha ni binti mmoja mkimya aliyechagua kutokomezwa kwa ndui. Wavulana wakacheka, ugonjwa nao ni tukio? Mmoja akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu begani, eti hata yeye ana alama hiyo. "Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu," binti akamjibu, "humu karibu wote tunalo. La ndui analo bibi yangu. Wewe hukuchanjwa ndui kwa sababu haipo."

Kisha akamwaga mambo. Oktoba 1977, mjini Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari kwa dakika chache kumwelekeza dereva aliyebeba watoto wenye ndui. Ikampata. Hakuwa amechanjwa kwa kuogopa sindano, na kazi yake iko hospitalini! Darasa likaangua kicheko. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui mitaani, nje ya maabara. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imekwisha. Maalin alipona, na miaka ya baadaye akawa anapita kuhimiza chanjo ya polio, hadi malaria ilipomuua mwaka 2013 akiwa kwenye kazi hiyohiyo.

Kijana wa Hiroshima akadai bomu ndilo lililoua zaidi. "Ndui inakadiriwa kuua watu milioni 300 karne ya 20 peke yake," binti akasema, akakaa. Mimi nyuma ya darasa najifanya nasahihisha madaftari, mashavu yananiuma kwa kujizuia.

Gharama ni manila na kalamu za rangi, vielfu kadhaa tu. Kwenda kuchapisha stationari wakatazeni kabisa, watarudi na picha za uyoga wa moshi wa bomu.

Mmoja tu ndiye hatujamalizana. Alileta kamba ya katani: 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, ikapona 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote haya ya Tanga. Nikamwambia imebadili Tanga, siyo dunia. Akaniuliza meli za dunia zilikuwa zinafungwa kwa kamba za nini. Nikampa nusu ya alama, na kila tukikutana koridoni ananidai iliyobaki.