Kabla hujatengeneza kisu, tengeneza tundu

Kila anayeanza uhunzi siku hizi anataka kisu. Anaangalia video, anaona jamaa huko Marekani anatoa panga zuri kutoka kwenye springi ya gari, basi na yeye anatafuta springi, anawasha mkaa, anaanza kugonga. Muda si muda anagundua hana cha kukatia chuma, hana cha kutobolea, koleo alilonalo ni lile la fundi umeme na linateleza, yaani kila anachotaka kufanya kinadai mkono wa tatu ambao Mungu hakumpa. Mi nasema hivi na najua mtanibishia, sahau kisu kwanza. Cha kwanza kutengeneza ni tundu.

Ndiyo, tundu. La mraba.

Zile fuawe za kizungu, yaani machuma ya kugongea, zenye pembe mbele, ukiangalia nyuma yake juu utaona matundu mawili, moja la mraba na jingine dogo la mviringo. Lile dogo ni kwa ajili ya kutobolea, ncha ya kitobolea ikitokea upande wa pili inaingia humo badala ya kugonga uso wa fuawe. Lile la mraba ndio mpango mzima. Unachomeka kifaa makali yakiangalia juu, mkono wa kushoto umeshika chuma cha moto, wa kulia una nyundo, na kifaa kinajishikilia chenyewe, ukitaka kukata unalaza chuma juu ya makali unapiga, ukitaka kukunja unachomoa kile unachomeka uma, na kwa sababu tundu ni la mraba basi kifaa hakizunguki. Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili.

Huku kwetu fuawe ya namna hiyo unaitafuta kwa tochi, na ukiikuta kwenye karakana ya zamani mwenyewe haiuzi. Wengi tunagongea kwenye kipande cha reli, shafti ya lori au bonge lolote la chuma. Yangu mimi ni bonge la mraba lililotoka kwenye mashine sijui ya nini, nimelipata kwa muuza skrepa kwa bei ya kilo, limesimama wima kwenye gogo la mwembe na uso wake hauzidi kiganja. Linatosha sana. Nyundo haina habari na upana wa uso, inachotaka ni chuma cha kutosha chini ya pale inapotua, ndio maana hata kipande cha reli ukikisimamisha kinagonga vizuri kuliko ukikilaza. Ila kuhusu reli niseme mapema, reli ni mali ya shirika la reli, ukikutwa na kipande kisicho na karatasi hiyo ni kesi ya hujuma na hakuna atakayesikiliza habari za hobi yako. Mi nilikataa kununua hata baada ya kushushiwa bei, na nadhani ile kushushiwa bei haraka haraka ndio ilinitisha zaidi.

Ukipanda Mamba, kule upande wa Marangu, Kilimanjaro, wahunzi wa Kichaga bado wapo na viriba vyao vya ngozi ya mbuzi vya kuvukutia moto, ndio ukoo wa kazi uliokuwa unawatengenezea Wamasai mikuki enzi hizo. Cha kuangalia pale, ukiacha mikuki, ni watu. Kazi ina watu. Mmoja anavukuta, mmoja ameshika koleo na anageuza chuma, mwingine anapiga. Mzee mmoja nilipomwamkia na kumweleza kwamba mi nafanyia nyumbani peke yangu alicheka akasema, "Peke yako? Sasa nani anakushikia tindo, mwanangu?" Lile ndilo swali lenyewe. Yeye tindo, ile patasi ya kukatia chuma, anashikiwa na kijana wake. Mimi na wewe tutashikiwa na tundu.

Kwa hiyo tundu linatengenezwaje wakati bonge lako halina. Kulitoboa bonge lenyewe sahau, chuma cha unene ule ukikitoboa mraba kwa mkono utazeeka. Unatengeneza la pembeni. Nenda kwa fundi mageti wa mtaani kwako, kila kona yupo, mwambie akukatie skwea paipu ya inchi 1 na nusu yenye ukuta wa milimita 4 au zaidi, sisitiza hapo kwa sababu ile nyembamba ya mageti midomo yake itafunguka kama ua baada ya wiki, urefu sentimita 7 au 8 inatosha. Aichomelee wima juu ya plaiti nene, milimita 10 kwenda juu, yenye matundu manne ya skrubu kwenye pembe. Plaiti hiyo unaifunga kwenye gogo la pili lililo karibu na fuawe. Na kabla hajachomelea mwambie atoe pengo dogo chini ya paipu upande mmoja, maana yale magamba meusi yanayobanduka kwenye chuma cha moto yatadondokea humo kila siku, yasipokuwa na pa kutokea yanajaa na kifaa hakikai vizuri.

Kuna jambo moja hapa watu wanalipita. Kwenye fuawe ya kweli kifaa kinakaa kwa mabega yake, yaani pale kichwa kinapotanuka juu ya mkia unaoingia tunduni, ndipo kinapotua kwenye uso wa fuawe. Kwenye paipu usifanye hivyo, mabega yataipasua. Mkia wa kifaa uwe mrefu kiasi kwamba unagusa plaiti chini kabla mabega hayajafika kwenye midomo ya paipu. Hapo pigo linashuka kwenye mkia, plaiti, gogo, ardhi. Paipu kazi yake ni kuzuia kifaa kisizunguke na kisilale, basi.

Na gogo hilo la pili liwe fupi kuliko la kwanza. Uso wa fuawe unatakiwa uwe usawa wa konzi zako ukiwa umesimama mikono imening'inia, sasa makali ya kifaa nayo yafike hapo hapo, la sivyo utakuwa unapiga ukiwa umeinua bega na jioni utatafuta mtu wa kukukanda.

Tundu likishakuwepo, kifaa cha kwanza ni kikatio. Chuma chake ni springi ya lori, zile bapa, ya Fuso inafaa sana, unene kama milimita 12 hivi. Hicho ni chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali, takriban asilimia 0.6, tofauti kabisa na nondo ambayo hujui imeyeyushwa kutoka kwenye nini. Ukinunua iangalie kwanza, isugue kwa brashi ya waya uone kama ina nyufa, kwa sababu springi haitupwi ikiwa nzima, imeshabeba mizigo mpaka imechoka, na ufa usiouona leo utauona siku ya kuizamisha kwenye oili. Kama huna uhakika chuma ni cha aina gani kipitishe kwenye grainda uangalie cheche. Cheche za chuma laini ni mistari mirefu isiyo na mbwembwe, za chuma chenye kaboni zinapasuka njiani zinatoa vichaka vichaka.

Springi mbichi ni ngumu, tupa ya kusugulia chuma inateleza tu. Ipashe moto mpaka sumaku isishike tena, hiyo ni kama nyuzi 770, halafu ifukie kwenye majivu makavu mengi uiache mpaka kesho. Asubuhi inakatika na kusugulika kama chuma kingine. Chora umbo la herufi T nene, kichwa upana wa sentimita 6 au 7 hivi, mkia upana wa milimita 28, kata kwa grainda. Sasa springi ina unene wa milimita 12 na tundu lako ndani lina kama 30, kwa hiyo mkia utacheza. Chomelea flati ba ya milimita 8 kila upande wa mkia, inakuwa 28, inaingia bila kubana na haiyumbi. Ila mwambie fundi asichomelee springi ikiwa ya baridi. Wengi watakuambia haina shida. Ina shida. Chuma cha kaboni kikichomelewa baridi kinapasuka pembeni kabisa ya weldi, ukikipiga kidogo tu mkia unabaki kwenye paipu na kichwa kinaruka. Ipashwe kwanza mpaka tone la maji likidondoka linalia na kuruka, ichomelewe, irudi kwenye majivu ipoe taratibu.

Makali ya kichwa yatengeneze kwa nyundo kwanza, kisha grainda, kisha tupa. Pembe kama nyuzi 30 kwa kukatia chuma cha moto. Ukitaka cha kukatia chuma baridi hicho ni kifaa kingine, kinahitaji makali butu zaidi, kama nyuzi 60, usijaribu kufanya viwili kwa kimoja.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote na nashauri uifanye jioni, jua likiwa limepungua, ili rangi uzione. Pasha kichwa mpaka rangi ya machungwa iliyoiva na sumaku imekataa. Zamisha makali tu, sentimita 2 au 3, kwenye oili. Oili, usitumie maji, springi kwenye maji inalia tik na hiyo tik ni ufa. Wengi wanatumia oili chafu ya gari, mi siipendi, moshi wake una vitu vya hovyo, mafuta ya kula yaliyopashwa kidogo yanafanya kazi ile ile na yananukia chipsi. Kuwa na mfuniko wa chuma karibu maana yatawaka. Makali yakishapoa, toa haraka, sugua upande mmoja kwa kipande cha jiwe la kunolea mpaka ung'ae, halafu tulia uangalie. Joto lililobaki kwenye mwili linaanza kupanda kuelekea makali na rangi zinatembea nalo, kwanza njano ya majani makavu, nyuma yake kahawia, nyuma yake zambarau, nyuma yake bluu. Zinatembea taratibu halafu ghafla zinakimbia. Zambarau ikifika kwenye makali yenyewe, hapo ni karibu nyuzi 280, zamisha chote. Ukiiacha kwenye njano makali yatakuwa magumu ila yatamenyeka, na kipande cha chuma kigumu kinachoruka hakichagui jicho. Vaa miwani, hiyo sirudii.

Kukitumia nako kuna adabu yake. Unalaza chuma cha moto juu ya makali, unapiga, unazungusha, unapiga, unakula pande zote mpaka kinabaki kishingo chembamba katikati. Usikate mpaka mwisho ukiwa umelenga juu ya makali, nyundo ikikutana na kikatio, kimoja kitaumia na mara nyingi ni vyote. Pigo la mwisho lisogeze nje kidogo ya makali, au peleka chuma ukingoni mwa fuawe ukivunje. Na ukimaliza kukata, ng'oa kikatio. Kila mara. Ukikiacha kimesimama hapo siku moja utageuka na kiwiko.

Ukishakuwa na kikatio, vingine vinakuja vyenyewe na havina maelezo mengi. Kitobolea kinatoka kwenye springi ya mviringo, ile ya gari ndogo, unanyoosha kipande cha urefu wa shubiri na nusu, unachonga ncha fupi yenye uso bapa, sio kama sindano. Ncha unaitia ugumu kama kikatio, ila upande unaopigwa na nyundo uache laini kabisa, ukianza kutanuka kama uyoga unausaga. Ukiwa unatoboa, baada ya mapigo matatu chomoa uchovye kwenye maji, na tia vumbi la mkaa kidogo ndani ya tundu, ndio dawa ya kutong'ang'ania. Uma wa kukunjia ni vipande viwili vya chuma cha mviringo vimechomelewa vikasimama sambamba juu ya mkia, nafasi kati yake inatosha nondo ya milimita 12 kupita, hiyo fundi mageti anakufanyia ukiwa unakunywa soda.

Koleo sawa, tengeneza kwa nondo, inakubali, ila usilizamishe kwenye maji likiwa jekundu kwa sababu nondo nyingine inakauka inakuwa kama kioo, linakatika na chuma cha moto kinatua kwenye kandambili. Na hapo hapo, kandambili hapana. Na mabomba ya maji yale meupe yenye zinki nayo usiyatie motoni hata kama ni ya bure, moshi wake unakulaza na homa usiku kucha.

Mtu kaniuliza juzi kama akikosa kabisa hela ya kumlipa fundi weldi afanyeje. Kuna njia. Chukua gogo gumu, toboa mraba kwenye kichwa chake kwa patasi ya seremala, upigilie hapo pingili ya skwea paipu ikaze, na chini kabisa ya tundu uwe umetanguliza kipande cha plaiti ili mkia usizame kwenye mti. Kifaa nacho kichonge kwenye kipande cha shafti nene badala ya springi, hapo mkia unaufua mwenyewe mpaka mraba na huhitaji flati ba wala kuchomelea. Ni kazi ya kutoa jasho, shafti haitanuki kwa nyundo ya robo kilo, tafuta ya kilo 1 na nusu na mkaa wa kutosha, na gogo likipasuka juu lifunge kwa ringi ya pipa.