Nilivyomkalimania mjomba filamu ya wizi wa benki

Mjomba alifika kwetu Reading, Uingereza, wiki ya pili ya Desemba, na baridi ikamfungia ndani kama kuku anayeatamia. Mchana mimi na mke wangu tuko kazini. Jioni namkuta kavaa masweta mawili, kaikodolea macho televisheni asiyoielewa. Kiingereza chake ni cha salamu na tarakimu tu. Tarakimu ndiko kwao: miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha msingi cha ushirika kule Newala, akiwalipa wakulima wa korosho.

Nikaamua nimkalimanie filamu. Nimekulia kwenye vibanda umiza, nikiwasikiliza ma-DJ wakitia Kiswahili juu ya sauti za Wamarekani, nikadhani ile ni kazi ya mdomo tu. Nilianza na filamu mpya ya majambazi. Nikimaliza sentensi moja, watu watatu wameshauawa. "Huyu naye kafa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nusu saa haijaisha, mzee anakoroma.

Filamu iliyoniokoa ni kongwe, ya rangi nyeusi na nyeupe: Cash on Demand, iliyoongozwa na Quentin Lawrence. Kilichonivuta ni ufukara wake. Kampuni ya Hammer iliitengeneza kwenye studio za Bray, kando ya Mto Thames, si mbali na hapa kwetu, kwa pauni 37,000 hivi. Hakuna magari ya kufukuzana. Karibu mambo yote yanatokea ndani ya benki moja ya mji mdogo, asubuhi moja, Krismasi ikiwa mlangoni. Hadithi yenyewe ilianza kama mchezo wa televisheni mwaka 1960, kwa hiyo watu wanaongea, na wanaongea kwa zamu. Marekani waliiona mwaka 1961, Waingereza wenyewe mpaka 1963, tena imepunguzwa. Enzi hizo tiketi moja ilikupa filamu mbili, na hii ilikuwa ile ndogo, ya kukusogezea muda mpaka ianze uliyoifuata.

Meneja Fordyce, anayeigizwa na Peter Cushing, ni mtu wa suti iliyonyooka na moyo mkavu. Makarani wake wanamwogopa, na karani mkuu, Pearson, ametishiwa kufukuzwa kazi kwa kosa la kwenye vitabu. Mara anaingia Kanali Gore Hepburn, bashasha tele, akijitambulisha kuwa mpelelezi wa kampuni ya bima. Mlango ukifungwa, anamwambia meneja kwamba mkewe na mwanawe wametekwa, na kwamba wao wawili watatoa pauni 93,000 kwenye hazina bila kelele. Yaani mwizi anataka zaidi ya mara mbili ya gharama ya filamu nzima!

Safari hii nilijiandaa. Nimeitazama peke yangu mara mbili, usiku, daftari mapajani. Mara ya kwanza niliandika maneno, nikajaza kurasa tisa. Ya pili niliandika kitu kimoja tu kwa kila onyesho: nani anataka nini kwa nani. Zikabaki kurasa mbili.

Aliyenisumbua ni Kanali. Nikimfanya aseme "toa hela, la sivyo mkeo anakufa", anageuka kibaka wa stendi, na filamu inakufa papo hapo. André Morell, anayemwigiza, hapandishi sauti. Anatisha kwa adabu. Nikamkumbuka jirani yetu mmoja wa zamani, mzee wa Kilwa, aliyekuwa akikudai deni kwa dua na kukuulizia hali ya watoto mpaka unatokwa jasho. Nikampa Kanali ulimi wa yule mzee: "Ukiniridhia, bwana meneja, sasa tungeshuka hazina. Mama nyumbani anakungoja." Mjomba akasogea ukingoni mwa kochi.

Nilipofika kwenye kosa la Pearson nilibabaika. Nikasema amekosea mahesabu. Mjomba akanikatiza.

"Sema shoti, hela kupungua kwenye hesabu. Huyo alipata shoti."

"Lakini mjomba, hakuiba."

"Shoti si wizi, mwanangu. Ila bosi mbaya huigeuza wizi."

Kumbe ndicho hasa Fordyce anachokifanya. Tangu hapo kazi tuligawana: mimi maneno, yeye benki. Kila nilipotaka kujaza ukimya alininyamazisha kwa kiganja, "Acha, naona." Na kweli palikuwa na cha kuona. Cushing amejulikana zaidi kwa filamu za kutisha, lakini humu hofu iko usoni mwake mwenyewe. Jasho, midomo iliyokauka, vidole visivyojua viende wapi. Robo ya kurasa zangu mbili haikusomwa.

Mwisho sitausema. Filamu ilipokwisha, mjomba aliomba kalamu.

"Pauni 93,000. Noti za ngapi?"

Nikamwambia tuseme za pauni tano. Akapiga hesabu pembeni mwa daftari langu: noti 18,600, mabunda 186 ya mia mia.

"Na zikiwa za moja moja, mabunda 930. Hayo hayabebeki." Akanirudishia kalamu. "Hebu rudisha pale wanapopakia masanduku."

Tukarudisha. Alisimama karibu na kioo, kidole juu, akihesabu.